Kiti Kilichosogezwa Mbele

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele. Hilo tu, wala si zaidi. Konokono aliingia chumba cha pembeni Jumapili baada ya chai, akajitupa kwenye kiti chake cha mbio kama alivyozoea, na magoti yake yakagonga usukani. Akakirudisha nyuma, akakaza kishikizo, akasahau. Jumatatu alipotoka kazini, magoti yakagonga tena.

Mtu huyu alikuwa fundi wa miwani, mrefu kama ngazi, na jina la Konokono alibandikwa na mwenzake wa mbio kwa sababu hakuwa na haraka hata kidogo. Kiti chenyewe hakikwenda popote. Kilifungwa kwenye fremu ya chuma, usukani mbele, pedali chini, na barabara yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Kila Jumamosi watu wa miji mbalimbali walikutana mtandaoni kwenye ligi ya mbio ndefu, zile za kutwa kucha, ambamo gari moja huendeshwa na wawili kwa zamu, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mwenzake aliitwa Pacha, ingawa hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Zamu zao zilikuwa na adabu zake. Anayetoka alisema, "Chukua." Anayeingia alijibu, "Nimepokea." Bila jibu hilo hakuna aliyeachia usukani. Na Pacha, ambaye ujanani alishindana kwa magari ya kweli, alimfundisha jambo jingine: huko, dereva anayetoka humwekea sawa kiti yule anayeingia, kwa urefu wa miguu yake, asipoteze muda.

Konokono alizipenda adabu hizo mpaka akazileta nyumbani. Hata chumvi haikupita mezani bila maneno hayo, na bingwa wa mchezo alikuwa binti yake wa darasa la pili, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kila asubuhi baba alimnyooshea mkoba wa shule na kusema, "Chukua," naye alijibu hata kama alikuwa bado chooni, "Nimepokea, baba."

Sasa nani alikuwa anakalia kiti? Chumba kilifungwa, na ufunguo wa pili alikuwa nao mkewe, mwalimu wa hesabu, ambaye siku nyingi alisema kile kiti kimemwoa mumewe. Konokono akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Akabandika kipande cha utepe wa gundi kwenye reli ya kiti, na jioni akakikuta kimekatika. Alipouliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hana neno, mkewe aliweka chini kalamu yake nyekundu.

"Mimi nina miguu mirefu kama yako," alisema. "Sasa na mimi nikuulize. Huyo mfupi anayekuja humu nikiwa kazini ni nani? Maana hata harufu yake nimeshaisikia."

Harufu ilikuwepo kweli. Haikuwa ya manukato. Ilikuwa harufu ya mpira ulioungua, tairi iliyoburuzwa kwenye lami ya moto, ndani ya chumba ambacho tairi haijawahi kuingia. Wakalala wamepeana mgongo, kila mmoja na shaka yake.

Yeye na Pacha pia walikuwa wamenuniana tangu Jumamosi. Katikati ya mbio Konokono alimkabidhi gari kwa maneno yake ya siku zote, "Chukua, ni lako mpaka bendera ya mwisho," akalisikia jibu kwenye vipokea sauti vya masikioni, akaenda kuoga. Aliporudi gari lilikuwa linakata kona kwa namna ambayo Pacha hajawahi kuikata maishani mwake, na chumba kimejaa harufu ya kuungua. Akadhani ni waya. Akachomoa plagi ukutani. Baadaye matokeo yakaonyesha gari lao halikumaliza, na kila mmoja akaamini mwenziwe ndiye aliyeharibu.

Alhamisi Pacha akapiga simu. Hakusalimia.

"Ndugu yangu, niambie ukweli. Umemweka nani kwenye gari letu?"

"Nilikukabidhi wewe. Ukasema umepokea."

"Kwangu umeme ulikatika kabla ya zamu yangu," Pacha alisema polepole. "Sikuwa hewani. Nimerudia kuiangalia video ya ligi kila siku, na nilidhani umeleta mtu wa kukodi. Konokono, yule si mtu anayetumia breki kama sisi."

Konokono akacheka, kile kicheko cha kujiondolea aibu, na hakumwambia mkewe. Angesema nini?

Ijumaa asubuhi alimpa Chiriku mkoba, akawasha gari lao la kweli, lile kuukuu la familia, wakatoka getini. Hicho ndicho alichokumbuka. Kilichofuata ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya shule, mapema kuliko siku zote, mikono imeshika usukani, harufu ya tairi imejaa puani, na magoti yake yamebanwa chini ya dashibodi kwa sababu kiti cha gari, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho.

Chiriku, nyuma, alikuwa amekumbatia mkoba. "Leo hukunijibu njia nzima, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Na kwenye mataa hukusimama."

Akashuka, akamkumbatia mtoto pale pale barabarani mpaka walimu wakageuka kutazama, na akarudi nyumbani kwa miguu akiliacha gari. Jioni hiyo alimweleza mkewe yote, na mkewe hakucheka. Alimsogeza Chiriku karibu naye na kuanzia hapo hakukubali atoke machoni pake.

Jumamosi asubuhi akaja shangazi yake Konokono, mkunga mstaafu ambaye, mbali na watoto wa watu, alijua kuzungumza na wasioonekana. Hakufukiza kitu. Alizunguka kiti, akanusa, akauliza kama karani anayechukua maelezo: ulisema nini, neno kwa neno?

Konokono akarudia. Shangazi akatikisa kichwa.

"Majini wana visa vingi, mwanangu, lakini wakipewa neno hawalivunji. Ulimpa mpaka bendera. Bendera ikaanguka?"

"Nilichomoa plagi."

"Basi kwake yeye mbio hazijaisha. Umemkatia safari, ndiyo maana anaendesha chochote anachokuta, na wewe ndani yake. Hafukuzwi mtu aliyepewa. Mwache amalize. Leo mkabidhi tena kwa maneno yale yale, kiti kibaki kitupu, na bendera ikianguka ataondoka mwenyewe. Lakini akisema lolote, asijibu mtu. Hata kukohoa msikohoe."

Pacha alikubali kukaa nje ya gari. Mke wa Konokono alitakiwa ampeleke Chiriku kwa jirani, akakataa katakata. Mtoto angebaki naye jikoni, mlango umefungwa, anamwona. Na nani angemlaumu?

Kuna jambo moja Konokono hakumwambia shangazi. Hakulificha, halikumjia tu. Kanuni ya ligi ilikuwa dereva mmoja haruhusiwi kuendesha mpaka mwisho peke yake. Muda wake ukijaa lazima aingie kituoni, pale magari yanapojazwa mafuta, na kukabidhi. Alizijua kanuni hizo kwa moyo. Lakini nani angedhani jini linafuata kanuni za ligi?

Wakaanza mchana, jua kali nje, ingawa ndani ya kompyuta waandaaji walikuwa wameweka usiku. Konokono aliendesha zamu yake akitokwa jasho, akasema maneno, jibu likaja masikioni kwa sauti ya Pacha, akaruka kutoka kwenye kiti na kusimama ukutani kando ya shangazi.

Usukani ukageuka wenyewe. Kwanza kidogo, kama mtu anayejaribu uzito wake, kisha kwa uhakika, kulia, kushoto, na pedali zikashuka na kupanda bila mguu juu yake, na taa za gari kwenye skrini zikalifungua giza lile la uongo huku harufu ya mpira ikizidi, ikawafika kooni, na Konokono, aliyekatazwa kukohoa, akajiziba mdomo kwa shati lake, machozi yakimtoka, akihesabu moyoni si mizunguko bali mapigo ya moyo wake mwenyewe, na akianza, polepole mno, kutambua kwamba gari linapunguza mwendo, kwamba linaingia kituoni, kwamba mafuta yanajazwa na halitoki, kwamba limesimama pale linangoja, na akakumbuka kanuni.

Akamshika shangazi mkono. Hakuweza kusema.

Kiti kikatoa mlio wa reli. Kikasogea mbele taratibu mpaka mwisho, kwa kipimo kile kile cha wiki nzima, na hapo Konokono akaelewa kwamba jini halikuwa likijiwekea kiti lenyewe. Lilikuwa linamwandalia anayefuata.

"Chukua," ilisema sauti.

Haikutoka kwenye vipokea sauti. Ilisikika chumbani, wazi, ikapita mlango na kufika jikoni, na ilikuwa sauti yake yeye Konokono, ile ya asubuhi, ya mkoba wa shule.

Akakimbilia mlango. Hakuufikia.

"Nimepokea, baba," Chiriku alijibu kutoka jikoni.

Kelele za mkewe zikafuata, na mlango ukafunguka. Mtoto alimpita baba yake bila kumtazama, akapanda kwenye kiti, na miguu yake ikatua kwenye pedali bila kuzitafuta. Kiti kilimwenea. Gari likatoka kituoni.

Konokono akapiga magoti kando yake. "Mama," alinong'ona, jina alilomwitia alipokuwa mchanga, "nikabidhi mimi. Sema chukua. Tafadhali, mama."

Chiriku, ambaye mdomo wake haukupumzika tangu alipojua kusema, alikata kona tatu kwanza.

"Bado zamu yangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Mkewe alikuwa ameshafika ukutani, vidole viko kwenye plagi, anamtazama mumewe kwa macho yale yale ya shaka. Konokono akaangalia saa ya mbio pembeni mwa skrini. Bendera ilikuwa mbali, usiku mzima mbele yake.

"Usichomoe," alisema, akaushika mkono wa mkewe kwa mikono yake yote miwili. "Kwa jina la Mungu, usichomoe."