Kebo Kuingia Si Kebo Kufaa

Mke alichora ramani za nyumba kwa kompyuta. Mume alikuwa fundi umeme wa majumbani. Kompyuta yao ilikuwa imechoka. Mke akigeuza picha ya nyumba aone upande wa pili, picha inakwama. Anakwenda kubandika chai, anarudi, bado inasuasua.

Basi wakanunua kadi mpya ya picha. Hiyo ndiyo sehemu inayochora kile tunachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Kadi ile ilitaka kebo mbili za umeme. Ndani ya kompyuta palikuwa na moja tu.

"Hilo dogo," mume alisema. Akaenda stoo, akachomoa kebo kwenye kompyuta nyingine iliyokufa zamani.

"Una hakika, baba watoto? Kazi zangu zote zimo humo."

"Mama watoto, nyaya ndizo zinazotulisha. Tazama, imeingia yenyewe. Wala sijailazimisha."

Akabonyeza kitufe. Tik. Feni zikazunguka kidogo, zikasimama. Akabonyeza tena. Tik.

Wateja walikuwa wanakuja Jumamosi kuuona mchoro wa nyumba yao. Mume akanyoosha mkono abonyeze tena.

"Acha kwanza," mke alisema taratibu. "Nampigia wifi."

Wifi yake, dada mdogo wa mume, alikuwa fundi wa kompyuta. Alifika jioni akitoka kazini. Kabla hata ya kukaa, alichomoa waya wa ukutani. Kisha akachungulia ndani.

"Kaka, hii kebo umeitoa wapi?"

"Kwenye ile ya zamani. Lakini imeingia vizuri."

"Kuingia si kufaa. Hata kiatu cha jirani kinaweza kukuingia, ukarudi nyumbani na malengelenge."

Mke akacheka. Wifi akagusa kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

"Hii ni pawa saplai. Upande wa kadi, vichwa vya kebo hizi vinafanana. Upande huu wa pawa saplai, kila mtengenezaji anapanga nyaya anavyojua yeye. Ukichanganya kebo, umeme unakwenda pasipo pake."

"Kumbe nimepiga shoti," mume alisema.

"Ndiyo. Pawa saplai imejizima kujikinga. Siku nyingine inashindwa kujikinga, kadi ikaungua, pengine na diski yenye kazi za wifi yangu."

Mume akakuna kichwa. "Na mimi kila siku nawakataza watu kuunga nyaya wasizozijua."

Wifi akasoma kibandiko cha pawa saplai. Nguvu yake iliitosha kadi mpya. "Isingetosha, mngenunua kubwa zaidi, na mngetumia kebo zake yenyewe. Za hii ziko wapi?"

Zilikuwa juu ya kabati, kwenye boksi lake. Mume akachomoa kebo ile ya stoo, akachomeka moja ya hizo mwenyewe, akaisukuma mpaka kishikizo kikabana. Kompyuta ikawaka. Mke akafungua michoro yake, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwepo. Akashusha pumzi.

Jumamosi wateja walikuja, bwana na bibi. Kwenye kioo waliingia mlangoni, wakapita sebuleni, wakafika jikoni bila picha kukwama.

"Dirisha hili," bibi alisema, "nikisimama kwenye sinki sitawaona watoto uani."

Mke akalisogeza palepale, mbele ya macho yao. Uani pakaonekana.

"Hapo," bibi akasema. "Hapo ndipo nitakaposimama."