Bangili Mbili za Anyisile

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya jiji la Mbeya, paa la Nyumba ya Tiba lilifunguka na ndegedawa mia tatu zikapaa kwa mpigo, bila rubani hata mmoja. Kila moja ilibeba kifuko cha damu au chanjo, na kila moja ilijua njia yake ya kwenda Makete, Ileje, Chunya, popote palipokuwa na zahanati na mgonjwa. Wageni waliokuja kutazama walipiga makofi. Hawakuteremshwa ghorofa ya chini, walikokaa watu.

Maana watu walikuwapo. Ndegedawa hujirusha yenyewe, lakini sheria ilitaka kila shaka iamuliwe na binadamu. Upepo ukibadilika, chombo huuliza: nishuke? nigeuke? nisubiri? Mwangalizi alipewa sekunde nne za kujibu. Zamani kila mwangalizi alikuwa na ndege sita. Sasa zilikuwa kumi na nne, na chai ilinywewa ikiwa imepoa.

Aliyegawa ndege hizo hakuwa mtu. Alikuwa Mgavi, akili unde ya shirika. Kila asubuhi kabla ya zamu, waangalizi walikaa dakika kumi katika chumba cha mapimo wakiwa wamevaa bangili zilizosoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Kijani maana yake umetulia. Nyekundu maana yake umeelemewa.

"Mgavi anawajali," alipenda kusema Mama Kibona, msimamizi wao. "Akiona umechoka, anakupunguzia."

Hakudanganya. Ila nyekundu ya tatu ndani ya mwezi mmoja ilimtoa mtu kazini, eti kwa faida ya afya yake, na kiti chake kikapewa mwingine.

Anyisile alikuwa na miaka tisa katika kazi hiyo, mwanamke asiyeshtuka upesi. Wenzake walimtania kwamba nyumba ikiungua angetafuta kwanza kandambili zake. Bangili yake haikuwahi kuacha kijani. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa Tusekile, binti wa miaka ishirini na sita, ambaye Anyisile alimfundisha kazi mwenyewe na kumpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Mwezi wa nne Tusekile alifiwa na mama yake. Alipewa siku tatu. Siku ya nne alirudi, na bangili ikawaka nyekundu. Siku ya tano, nyekundu.

"Dada, kesho wananitoa," alisema, wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Na nikikaa nyumbani peke yangu na ule ukimya, nitapata wazimu. Afadhali hapa."

Anyisile alifikiri kama wanavyofikiri watu wa kwao. Mtu akifiwa hapiki, hachoti maji, hapasui kuni, majirani humfanyia. Hakuna anayeomba ruhusa.

"Nipe bangili yako," alisema. "Nitakuvalia mimi, juu ya kiwiko, sweta litaificha. Hizo dakika kumi nitakukalia."

"Wakijua je?"

"Watajuaje? Msiba ni wa wote, mdogo wangu. Wewe lia tu, mapigo niachie mimi."

"Ndaga fijo, dada," Tusekile alishukuru kwa lugha ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Anyisile aliuona mwepesi kweli. Kila asubuhi bangili mbili ziliwaka kijani kwenye mkono wake mmoja, akajisikia amefanya la maana.

Wiki iliyofuata Tusekile alikuwa na ndege kumi na nane. Kisha ishirini na tatu. Za Anyisile nazo ziliongezeka, akadhani ni masika, magonjwa yamezidi na kila mtu anaumia. Hakumuuliza yeyote. Hapo ndipo ilipo lawama, na baadaye hakujitetea. Alimwona Tusekile anasahau kula, anaitikia maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Alijiambia ni majonzi, yatapita.

Jumanne moja saa nne asubuhi, mvua ya radi iliziba njia zote za Rungwe, na ndege thelathini na moja zikamuuliza Tusekile kwa pamoja. Nishuke? Ndiyo. Nipite kwenye wingu? Ndiyo. Niachie mzigo? Ndiyo. Alibonyeza huku akitamka, macho hayapepesi. Mama Kibona alikuja mbio akazima skrini. Tusekile akaendelea kuitazama. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Ndiyo." Ndege tisa zilianguka mlimani pamoja na damu ziliyobeba.

Mchana ule fundi Mwakalobo, mtunza mitambo, alifungua kumbukumbu za Mgavi mbele ya Anyisile.

"Sielewi," alisema. "Huyu binti kafiwa, lakini moyo wake ulikuwa mtulivu kuliko wa yeyote humu ndani. Isipokuwa wako."

"Na aliyetulia anafanywaje?"

"Anaongezewa. Kwani ulidhani ndege za waliochoka zinakwenda wapi? Mgavi hapunguzi kazi, dada. Anaihamisha tu, kwa mwenye nafasi."

Anyisile akakaa sakafuni. Alitamani mtu amtukane.

Jumapili alikwenda hospitali na uji wa ulezi kwenye chupa. Tusekile alikuwa amekaa kitandani, amesukwa vizuri, msafi.

"Hasumbui," alisema muuguzi. "Hakatai kitu."

"Tuse, ni mimi. Umenitambua?"

"Ndiyo."

Anyisile alikaribia kulia kwa furaha. Alivuta kiti, akamshika mkono, akamweleza yote bila kuficha: bangili, kijani, ndege. "Nilidhani nakutua mzigo. Kumbe nilikuwa nakutwisha."

"Ndiyo."

"Mama yako amekuja kukuona leo?" aliuliza muuguzi kwa upole, akiandika kwenye faili.

"Ndiyo."

Anyisile alielewa. Hata hivyo hakuwa na mahali pengine pa kupeleka swali lake.

"Umenisamehe, mdogo wangu?"

"Ndiyo," alijibu Tusekile kabla swali halijaisha.

Anyisile akauliza tena, na tena, mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.