Kazi ya Fundi Mmoja

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, simu ya fundi wa zamu iliita mara ya tano bila kupokelewa.

Aliyepiga alikuwa mpangaji wa zamu za matengenezo kiwandani. Fundi alimbatiza jina la Bi Hesabu siku walipogongana getini, zamu zikipishana, karatasi zake zikamwagika miguuni mwa umati. Leo ratiba yake mpya ilikuwa imeanza: kubadilisha mota ya mkanda, fundi mmoja, muda wa saa mbili. Ndivyo zilivyosema kadi za kazi, ambazo mafundi wenyewe huandika muda waliotumia. Fundi aliingia kwenye shimo la mota, chini ya mkanda, saa kumi na mbili.

"Amenuna tu huyo," alisema karani wa ofisini kwake. "Si jana mligombana?"

Kweli waligombana. Fundi alimfokea: "Umeniondolea msaidizi!"

"Si mimi, ni kadi zenu."

"Kadi, kadi! Basi olewa na kadi!"

Sasa Bi Hesabu alivaa kofia ngumu akashuka ngazi mbiombio. Kufuli la fundi lilikuwa bado kwenye swichi ya mkanda. Maana yake hajatoka. Akapiga tena. Simu ikalia chini ya sakafu. Akainamia mdomo wa shimo.

"Fundi!"

Sauti nyembamba ikajibu: "Usishuke, mpenzi. Mnyororo wa kuinulia umeteleza. Mota imenilalia kifuani."

Aliita waendesha mashine wawili. Blauzi yake nyeupe ikalowa grisi alipoushika mnyororo pamoja nao.

"Moja, mbili, vuta!"

Walimtoa akipumua kwa shida, midomo imepauka.

"Kadi zinasema saa mbili," alinong'ona Bi Hesabu.

"Zinadanganya. Ni saa nne, na mtu wa kushika mnyororo. Niliandika mbili kwa sababu msomaji ni wewe. Siku ile uliponiita hodari, nililewa sifa."

"Ungekufa kwa sifa, mjinga wee! Na mimi ningekuwa nimekuua kwa kalamu!"

"Nisamehe. Utakubali kuolewa na mwongo?"

"Na mwongo, hapana. Anza kusahihisha."

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mbavu zikiwa zimefungwa bendeji, fundi alisahihisha kadi kumi na nne, moja baada ya nyingine, akitia saini kila moja. Saa sita na nusu meneja aliidhinisha mafundi wawili kwa kila kazi ya mkanda.

Saa saba kamili Bi Hesabu alipiga simu nyumbani.

"Mama, kuna mtu nataka umwone."