Samaki wa Darasa na Kamba Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hajagusa uji wake wa mchele, Wan-ju alikwenda kwanza kwenye tangi la kioo lililokaa juu ya kabati la viatu. Alinyunyiza chakula kidogo juu ya maji, kisha akainama kutazama tumbo la samaki aliyekuwamo. Samaki huyo mdogo alikuwa jike wa aina iitwayo tausi, kwa kuwa madume wake wana mikia kama ya ndege huyo, na alikuwa mali ya darasa la tano zima. Mwalimu Shih alimkabidhi Wan-ju amtunze likizo ya Mwaka Mpya, na siku hiyo Wan-ju alipita mitaa ya mji wao wa Lukang kichwa juu, utadhani amebeba kombe la ushindi.

"Tausi gani huyo, hana hata mkia wa maana?" kaka yake, Kuan-ting, alimtania. "Ana kitambi tu, kama mjomba."

"Wenye mikia ya kujishaua ni madume," Wan-ju alimjibu. "Huyu ni mama. Unaliona doa jeusi karibu na mkia? Linazidi kukua. Tausi hatagi mayai, kaka, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Nimewaahidi wenzangu nitarudi na familia nzima."

"Haya, mkunga! Tutaona."

Siku chache kabla ya mwaka kwisha, Bibi alitangaza usafi mkubwa. Katika nyumba ile, mwaka haukuruhusiwa kuingia na kukuta vumbi. Madirisha yalisuguliwa, mapazia yakafuliwa, hata miguu ya meza ikapigwa brashi. Wan-ju akatazama tangi lake. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijani na majani ya majini yalikuwa yametapakaa ovyo. Aliona aibu. Je, wageni wakija wataona uchafu huu?

Basi akafanya kazi kama mtu mzima. Alimweka samaki kwenye bakuli, akamwaga maji yote, akasugua kioo na kuosha changarawe moja moja. Majani aliyang'oa, akayatupa. Kisha akajaza maji mapya ya bomba na kumrudisha samaki. Muziki wa lori la taka, wa kuwaita watu walete takataka zao, uliposikika mtaani, alikimbia na mfuko wa majani yale, akaurusha ndani.

"Mjukuu wangu ana mikono!" Bibi alimsifu. Wan-ju akavimba kichwa.

Sifa hiyo haikudumu. Alipopita tena sebuleni, samaki alikuwa amelala chini ya tangi, mapezi yamembana mwilini, anahema mbiombio. Wan-ju aligonga kioo taratibu. Samaki hakusogea.

Bibi naye akaja kutazama, kitambaa cha kufutia bado mkononi. "Kuan-ting!" aliita kwa ukali. "Umemfanya nini samaki wa watu? Si wewe uliyekuwa ukigonga kioo jana?"

"Mimi? Leo hata sijamsogelea, Bibi!"

"Ndivyo unavyosema kila siku."

Kuan-ting alikuwa mtundu na kila mtu alijua, kwa hiyo ingekuwa rahisi kwa Wan-ju kumwachia lawama. Lakini samaki mama yule alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na hakuna ambaye angejua dawa kama hajui kilichotokea. Machozi yakamtoka.

"Si kaka, Bibi. Ni mimi. Nimembadilishia maji yote."

Bila kungoja kukaripiwa, alichukua simu na kumpigia Mwalimu Shih. Alieleza kila kitu, hata habari ya majani.

"Umefanya vizuri kuniambia sasa hivi," Mwalimu alisema. "Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, tena leo ni ya baridi. Lazima yaachwe kwanza, yakae wazi mpaka dawa iishe. Hapo nyumbani hamna maji yaliyolala?"

Wan-ju aligeuka. "Bibi, ile ndoo ya kumwagilia maua yako?"

"Iko uani na maji yake tangu majuzi," Bibi alisema. "Chukua yote. Maua yangu yatavumilia."

Walichanganya maji yale na maji kidogo yaliyochemshwa ya birika, mpaka yakawa na uvuguvugu, wakamhamishia samaki humo ndooni. Polepole mapezi yakafunguka. Kabla hawajalala alikuwa akiogelea, na Wan-ju alimkumbatia Bibi kwa furaha.

Lakini bado kulikuwa na shida moja. Mama tausi hamjui mwanawe. Kinachopita mbele ya mdomo wake, kikiwa kidogo, ni chakula. Majani ndiyo yangewaficha vifaranga, na majani yalishakwenda na lori. Mwalimu alikuwa amesema kwenye simu kwamba kitu chochote chenye nyuzi kingefaa badala yake.

Kuan-ting ndiye aliyekuja na kamba nyekundu ya plastiki, ile inayotumika kufungia kila kitu sokoni. "Mwalimu amesema kitu chochote chenye nyuzi, si ndiyo? Tuichane."

"Kaka, hujanikasirikia?"

"Nimekasirika sana. Shika upande huo, uvute."

Waliiosha, wakaichana nyuzi nyembamba kama nywele, wakazitandaza ndooni mpaka uso wa maji ukawa mwekundu. Maji ya tangi nayo wakayaacha yalale.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, nyumba ikinukia mkate wa figili wa kukaanga, Wan-ju alichungulia ndoo na kupiga kelele. Katikati ya nyuzi nyekundu vilikuwamo vifaranga, vyembamba, macho matupu! Yeye na kaka yake walivihesabu, na hesabu zao hazikulingana. Wan-ju alimchota mama tausi kwa bakuli, asije akawala.

"Hakuna kumwaga maji leo!" Bibi aliruka. "Mnataka kuimwaga bahati ya nyumba?"

"Simwagi, Bibi, namhamisha tu," Wan-ju alicheka, akamshusha mama na maji yake kwenye tangi. Bibi alipoona vifaranga, naye akapiga magoti kutazama.

Shule zilipofunguliwa, darasa zima liliizunguka ile ndoo aliyoileta. Wan-ju angeweza kupokea sifa na kunyamaza. Badala yake aliwaeleza wenzake jinsi alivyokaribia kumuua mama wa vifaranga hao.

"Kumbe wewe ndiwe uliyetaka kutuulia samaki!" mvulana mmoja alidakia.

"Ndiyo, ni mimi," Wan-ju alisema.

Mwalimu Shih aliweka mkono begani kwake. "Wan-ju alikosea kwa kutenda kabla ya kuuliza. Kabla ya kumsaidia kiumbe yeyote, jifunzeni kwanza anahitaji nini. Lakini sikilizeni na hili. Angeficha kosa lake mpaka kesho yake, leo tungekuwa na tangi tupu. Vifaranga wote hawa wako hai kwa sababu alisema kweli mapema."

Kisha akamkabidhi ufunguo wa kabati la chakula cha samaki, uwe kwake mwaka mzima. Wan-ju aliupokea kwa mikono miwili, na safari hii fahari yake ilikuwa ya haki.