Maiki Iliyozikwa na Domeng

Jua lilikuwa linazama Perlita alipotoka makaburini na wifi yake, Ising. Ilikuwa arobaini ya mumewe, Domeng, siku ambayo roho huaga na kwenda zake. Utokapo kwa maiti huendi nyumbani moja kwa moja. Hupita kwanza mahali pengine, ili kilichokufuata kipotee njia. Basi wakapita duka la redio. Tena walikuwa na shida nalo: wageni wangekuja kusali, kula tambi, kisha kuimba karaoke kwa zamu, na nyumba haikuwa na maiki.

Ile ya zamani, isiyo na waya, ilizikwa pamoja na Domeng, mkononi mwake. Aliusia hivyo mwenyewe. Padri alikuna kichwa, akatafuta kanuni inayokataza, akaikosa.

Mwenye duka, Crispulo, alikuwa akimpa Perlita maiki moja baada ya nyingine. Ya kwanza nzito. Ya pili ilikwaruza. Ya tatu aliipuliza tu…

Spika ikakohoa.

Mara mbili, taratibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya wimbo.

Perlita alikijua kikohozi kile. Alikisikia miaka thelathini.

Crispulo hakushtuka. Alieleza kwamba maiki mbili za masafa yaleyale huingiliana. "Mama, kuna nyingine kama hii kwenu?"

"Ilikuwepo."

"Mliitoa betri?"

Ising akamfinya Perlita mkono. "Wifi, chukua ile nyingine. Tena tupite na sokoni. Hapa keshatukuta."

"Nataka hii."

"Marehemu alikuwa kaka yangu kabla hajawa mumeo. Nami nakwambia, mwache aende."

Perlita alilipa. Hakupita sokoni. Alishika njia ya nyumbani, mfuko kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake Ising alijipigia ishara ya msalaba hadi mkono ukachoka.

Sala zikaisha. Tambi zikaliwa. Majirani wakaimba, wengine wakilia, wengine wakiwataka wanaolia wawapishe zamu. Ikafika zamu ya mjane. Alichagua wimbo wa watu wawili, ule wa harusi yao. Akaimba sehemu ya mke. Penye sehemu ya mume akanyamaza.

Harufu ya mafuta ya nywele ya Domeng ikapita juu ya harufu ya mishumaa.

Kisha spika ikaimba.

Ilikuwa sauti yake, ila mbali, kama mtu aliyefunikwa mablanketi. Uma wa mtu ulianguka. Perlita alikuwa akitabasamu, machozi yanamchuruzika.

"Domeng?" alinong'ona.

Wimbo ukakatika.

"Perlita… mbona hukupita pengine?"

Perlita aliisogeza maiki karibu na midomo.

"Njia ilikuwa wazi leo. Nimekufuata wewe. Sasa siioni."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Teofilo, mjumbe wa mtaa, amekuja kukumbusha sheria ya kelele. Sheria ile hukataza kuimba usiku ukisonga. Haisemi kama mwimbaji lazima awe hai. Aliposimuliwa, alisema ni masafa tu, pengine kuna sherehe ng'ambo ya mto. Akachomoa betri za maiki kwa mkono wake mwenyewe, akazitia mfukoni, akachomoa na waya wa spika ukutani.

Spika ikakohoa. Mara mbili.

Teofilo alisahau kofia yake. Mpaka leo hajaifuata.

Ising aliita padri, akaita na mganga wa kijiji cha pili. Wote wawili walisema jambo moja: arobaini haina marudio.

Sasa kila jioni Perlita huacha mlango wazi. Humwambia, kwa upole, "Nenda, mume wangu. Nimekosa mimi. Nenda." Kisha hukaa karibu na spika isiyo na umeme, akiomba asisikie kitu. Akiomba pia asikie.

Na husikia. Kikohozi, mara mbili, kama mtu anayesubiri muziki uanze.

Haimbi tena. Anasubiri tu.