Hodi Kutoka Kwenye Chenga

Muhuri alikwenda kwa dada yake jioni ile kumwomba jambo moja dogo tu: kesho asubuhi ajitokeze ofisini akathibitishe kwamba hajafa.

Jina la Muhuri alibandikwa kazini. Alikuwa karani wa masjala, na hakuna jalada lililotoka chumbani mwake bila kugongwa muhuri, hata kama lilikuwa linakwenda meza ya pili tu. Dada yake alikuwa mstaafu. Na serikali, baada ya kugundua kwamba kwa miaka mingi imekuwa ikiwalipa marehemu pensheni, na marehemu hawajawahi kulalamika, iliamuru kila mstaafu aje mwenyewe aonekane kwa macho. Asiyeonekana hadi siku ya mwisho angehesabiwa amekufa.

Siku ya mwisho ilikuwa kesho.

Muhuri alijua mambo hayo kuliko watu wengi. Mtu akishakufa kwenye jalada, kumfufua ni kazi. Kuna mzee mmoja alikuwa akija pale masjala kudai yu hai, na kila alipokuja aliambiwa, kwa heshima zote, alete barua kutoka kwa warithi wake. Mwishowe akachoka, akafa kweli. Jalada likafungwa bila kasoro.

Kwa hiyo alitembea haraka. Taa za mitaani zilikuwa zinawaka moja moja, kwa uvivu. Madukani watu walikuwa wanaingiza bidhaa ndani.

Akafika. Akagonga. "Hodi!"

"Karibu," dada akajibu kutoka ndani, upesi, kama mtu aliyekuwa ameketi na neno hilo mdomoni. Alipofungua mlango na kumwona, uso wake ukalegea kwa nafuu.

"Aa. Ni wewe."

"Shikamoo dada. Ulikuwa unamngoja nani?"

"Marahaba, kitindamimba. Vua viatu, nimepiga deki."

Sakafu ilikuwa bado mbichi, inang'aa. Dada alikuwa amevaa gauni la buluu, lile la siku alipoagwa kazini, na nywele amezipaka mafuta. Mezani palikuwa na vikombe vitatu vya chai. Viti vitatu vilikuwa vimepangwa kuikabili televisheni.

Televisheni ilikuwa inawaka. Ilikuwa inaonyesha chenga.

Chenga tupu. Vidoadoa vyeupe na vyeusi, vinachemka kama mchele kwenye sufuria, na sauti yake ile... shshshshsh... isiyopanda wala kushuka. Ni kawaida. Mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilikuwa imeshazimwa nchi nzima, na asiye na king'amuzi hakuwa na kingine cha kutazama. Muhuri mara ngapi amejitolea kumletea king'amuzi? Kila mara jibu lilikuwa moja: "Cha nini? Yangu inaonyesha vizuri."

Dada huyu hakuwahi kuolewa. Maisha yake yote ya kazi alikaa mbele ya mtambo wa simu wa serikali, visikizio masikioni, akiunganisha sauti na sauti: waziri na katibu wake, katibu na mke wa mtu. Sauti alizijua zote. Sura hakujua hata moja. Alipostaafu, nyumba ilikuwa kimya mno, akanunua televisheni. Ndugu wote walifurahi, maana alipunguza kuwapigia simu.

Kisha ikaja tamthilia ya daktari.

Ilikuwa moja ya zile zinazotoka mbali na kutiwa sauti za Kiswahili huku, midomo inasema lake, sauti inasema lake. Watu walicheka. Dada hakucheka. Yeye hakuwa anatazama midomo. Alikuwa anasikiliza ile sauti ya daktari, nzito, ya upole, ya mtu anayeuliza "unaumwa wapi?" na kungoja jibu. Na dada akawa anajibu. Mwanzo goti. Baadaye mgongo. Baadaye upweke.

Tamthilia ikaisha. Mitambo ikazimwa.

Dada hakuacha kujibu.

"Keti," alisema sasa. "Si hapo. Hicho ni cha mgeni."

"Dada, sikuja kukaa. Kesho ndiyo mwisho wa uhakiki. Usipokwenda watakuandika umekufa."

"Kesho nitakuwa na mambo mengi."

"Mambo gani yanayozidi kuwa hai?"

"Naolewa."

Alilisema bila kupepesa, kama anayesema anakwenda dukani. Muhuri akakitazama kikombe cha tatu. Akaitazama televisheni. Akaamua kufanya kile anachofanya kila karani mwenye uzoefu anapoletewa jambo lisilo na kanuni: aliuliza utaratibu.

"Na... huyu bwana, ameshaleta posa?"

"Ndicho ninachokungojea wewe, mdogo wangu!" Akasogea karibu, akanong'ona. "Kila jioni anapiga hodi. Kila jioni! Na mimi naubana mdomo, namwacha nje. Nitamkaribishaje mwenyewe kama mwanamke asiye na kwao? Baba hayupo. Mama hayupo. Wewe ndiye mwanamume uliyebaki. Ukimwambia 'karibu', basi. Yamekwisha."

"Halafu kesho utakwenda kwenye uhakiki?"

"Nitakwenda. Naapa kwa kaburi la mama."

Muhuri akapima. Upande mmoja, dada aliye hai serikalini, anayepata pensheni yake na dawa zake za presha. Upande wa pili, neno moja la kuambiwa chenga. Ameshagonga muhuri kwenye mambo ya kipuuzi zaidi ya hayo. Akakaa.

Wakatazama.

"Huyo pale ni muuguzi mkuu," dada alieleza, akinyoosha kidole kwenye vidoadoa. "Mnafiki. Ananionea wivu."

"Naona," Muhuri akasema.

"Huoni. Ungekuwa unaona usingekunywa chai hivyo."

Akakiweka kikombe chini. Shshshshsh. Ukikodolea chenga muda mrefu, macho hutafuta kitu cha kushika. Alihisi ameona ukumbi mrefu. Akapangusa macho. Ukumbi ukapotea... au ulisogea pembeni tu. Palikuwa na harufu pia. Harufu ya spiriti, ile wanayopaka mkononi kabla ya sindano.

"Dada, umejikata?"

"Nyamaza. Anakuja."

Hapo umeme ukakatika.

Balbu ikafa. Friji ikajitikisa, ikashusha pumzi, ikanyamaza. Nje, kutoka nyumba hadi nyumba, mtaa mzima ukasema kwa pamoja kama unavyosema kila siku: "Aaaah!" Mtu mmoja akaitukana kampuni ya umeme na mama yake. Kisha kimya.

Shshshshshsh.

Muhuri hakuelewa mara moja kwa nini bado anauona uso wa dada yake.

Televisheni ilikuwa bado inawaka.

"Dada," alinong'ona. "Umeme umekatika."

"Najua." Alikuwa amejifunika mtandio kichwani, ameinamisha macho. "Kaa vizuri."

Alitaka kuinuka. Alitaka kusema kwamba makubaliano yamevunjika, hali imebadilika, jambo lirudishwe kwa aliyelileta. Alikuwa ameshashika mikono ya kiti.

Chenga zikanyamaza.

"Hodi," ikasema sauti. Nzito. Ya upole.

Sasa, inafaa kujua jinsi watoto wa nyumba ile walivyolelewa. Mama yao hakuvumilia hodi ya mtu kubaki hewani. Aliyeisikia kwanza aitikie, awe anakula au anaoga, la sivyo mwiko wa ugali ungemfuata. Hata dalali wa mahakama alipokuja kuchukua makochi aliambiwa karibu, akapewa maji, akaulizwa habari za watoto, ndipo akachukua makochi. Walipokua, neno lile halikuwa tena linapita akilini. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

"Karibu," akasema Muhuri.

Akaubana mdomo kwa viganja. Amechelewa.

Harufu ya spiriti ikajaa chumba. Hakutazama kioo. Alitazama chini, kwenye sakafu iliyopigwa deki. Karibu na miguu ya meza ya televisheni, kwenye ubichi ule, ikatokea alama ya kiatu.

Moja.

Kisha nyingine, mbele yake.

Taratibu, kama mtu anayezunguka wodini. Zilimpita kando ya magoti. Baridi ikampiga vidoleni. Na hata katika hofu ile, sehemu fulani ya kikarani ndani yake iligundua kwamba mgeni hakuvua viatu, na dada hakumwambia kitu.

Kiti cha tatu kikalia kwa uzito.

Kikombe kikainuliwa. Mtu akapuliza chai. Akanywa.

"Msalimie shemeji yako," dada akanong'ona. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

Muhuri alifumba macho, akaanza kuomba dua zote alizowahi kuzisikia, ya safari, ya chakula, ya mtihani. Akasikia minong'ono miwili. Akasikia dada anacheka... Hakuwa amesikia kicheko chake tangu wakiwa watoto. Akasikia nyayo, na safari hii zilikuwa za watu wawili.

"Eeeeeh!" mtaa ukashangilia nje. Umeme ulikuwa umerudi.

Alifumbua macho. Televisheni ilikuwa nyeusi. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake, kwa ndani. Kikombe cha tatu kilikuwa kitupu. Chini ya kiti cha dada palikuwa na kandambili zake, zimepangwa vizuri pamoja. Na sakafuni, alama za viatu na alama za miguu mitupu zilikuwa zinakauka bega kwa bega, kuelekea kwenye kioo.

Zilielekea upande mmoja tu.

*

"Ameondoka na nani?" polisi wa zamu aliuliza asubuhi.

"Na daktari."

"Wa hospitali gani?"

Muhuri akajieleza. Polisi akaacha kuandika, akamtazama, kisha akaandika tena. "Mtu mzima ametoroka na mwanamume. Si kosa, mzee. Mimi dada yangu angepata daktari ningechinja mbuzi."

Akaenda kwenye uhakiki. Alikuwa ameshatunga la kusema: dada ni mgonjwa, aongezewe siku, asiandikwe amekufa. Mama wa dirishani alikuwa mnene, mchangamfu, amechoka kutazama wazee. Muhuri alipotaja kazi ya dada yake, akatabasamu.

"Yule mpokea simu? Ameshakuja! Tulipofungua tu, ndiye wa kwanza. Tumemthibitisha, hana tatizo."

Muhuri alishika ukingo wa dirisha. "Alikuwa hai?"

"We baba! Ndiyo shughuli yenyewe hii. Amependeza, gauni la buluu. Peku, lakini siku hizi wanasema ni afya. Na mumewe mpole huyo, amemshika mkono muda wote. Ila..." Akainama, akashusha sauti. "Yule bwana ana ugonjwa gani?"

"Kwa nini?"

"Akiongea, midomo na sauti haviendi pamoja. Midomo inamaliza, sauti inakuja. Nikasema labda ni kiharusi, nisimwaibishe." Akakuna shingo. "Na huyo dada yako... Naye ameanza vilevile."

*

Jioni hiyo Muhuri alirudi nyumbani, na bila kumsalimia mtu akachomoa waya wa televisheni, akaigeuza ikatazama ukuta, akaifunika blanketi.

"Kulikoni?" mkewe akauliza kutoka jikoni, mikono ikiwa na unga. "Leo kuna tamthilia yangu!"

"Imeharibika."

"Imeharibika au umeiharibu? Na wifi je, amekwenda kuhakikiwa?"

"Amekwenda."

"Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi naye, peke yake mle ndani. Angekuja akae hapa na sisi, unaonaje?"

Muhuri alikaa kwenye kochi akilikabili lile blanketi. Alikuwa na mpango. Mchana kutwa, palepale masjala, alikuwa amejizoeza: mwenzake mmoja alisimama nje ya mlango akapiga hodi, tena na tena, huku Muhuri ameng'ata kitambaa. Ofisi nzima ilimcheka. Lakini hadi saa ya kutoka aliweza. Ulimi ulikuwa umetii.

Giza likaingia taratibu. Mkewe alikuwa anaimba jikoni. Mafuta yalikuwa yanakaangika.

Akasikia harufu. Haikuwa ya mafuta.

Chini ya blanketi, polepole... shshshshsh.

Akachukua kitambaa, akakisukuma mdomoni, akaubana mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Chenga zikanyamaza.

"Hodi," akasema dada yake. Ile ile sauti, ya upole, ya mtu wa simu. "Hodi jamani. Ni mimi, nimekuja na shemeji yenu."

Muhuri akaubana. Koo lilimruka kama mtu anayezama. Akaubana... akaubana... na neno likarudi tumboni. Ameweza! Ameweza, mama amsamehe, ameiacha hodi ya ndugu yake ibaki hewani.

Kutoka jikoni, mkewe, mtoto wa watu, naye aliyelelewa vizuri kwao, akaitikia kwa furaha:

"Karibu, wifi! Karibuni ndani!"

Balbu ikafa. Friji ikashusha pumzi.

Na nje, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima ukasema: "Aaaah!"