Hedifoni Nzito za Fundi Abbasi

Jua lilikuwa likizama nyuma ya stesheni ya Tabora Pelagia alipobisha hodi kwa fundi Abbasi, mwanawe Hilari akiwa mgongoni.

Mumewe, Wenceslaus, mpiga santuri wa ukumbi wa wafanyakazi, alikuwa amelala na homa. Hedifoni zake zilikuwa zimekufa. Keshokutwa ni dansi la Saba Saba, na kamati ilishasema: akishindwa, kazi apewe mwingine.

"Chagua zinazoziba masikio kabisa," mumewe alikuwa amemwagiza. "Nataka kuusikia wimbo unaokuja kabla ya watu."

Abbasi alimsogezea kiti, akakifuta vumbi kwa kanzu yake mwenyewe.

"Karibu, shemeji. Ni homa au uvivu?"

"Homa. Uvivu anao siku zote."

Wakacheka.

Fundi akaweka mezani jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya plastiki. Pelagia akaivaa, bado akasikia baiskeli ikipita nje. Ya pili ilikuwa nzito, ya ngozi nyeusi. Ilinuka moshi na jasho.

"Hizo kaniachia mzee mmoja aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa," Abbasi alisema. "Kwake kulikuwa kwenye njia ya zamani ya misafara. Hakutaka hata senti."

Pelagia akazivaa. Dunia ikazimika. Wenceslaus atafurahi, aliwaza.

Kisha... njuga.

Cha... cha... cha... Na miguu. Miguu mingi, peku, mchangani.

Akautazama waya. Ulikuwa unaning'inia. Haukuchomekwa popote.

Sauti ya mnyapara ikaanza kuita wapagazi, polepole. "Shomari." Mtu akaitika, kisha kishindo cha mzigo ukitua kichwani. "Yahaya." Kishindo.

"Pelagia."

Akauma ulimi. Mama yake alimfunza tangu utoto: jua likizama, usiitike mpaka umwone anayekuita.

"Hilari."

Akazivua kwa pupa. Zikateleza begani, upande mmoja ukatua sikioni kwa mtoto. Hilari alikuwa na miezi minane. Hajawahi kutamka neno. Akainua kichwa.

"Naam."

Kishindo.

Shingo ya mtoto ikainama. Mgongoni akawa mzito kama gunia la mpunga, hata magoti ya mama yakakunjika. Hakulia. Alikuwa akikoroma tu, kama mtu aliyeelemewa.

Abbasi akazivuta zile hedifoni, akazitupa chini. Uzito haukupungua.

"Nilikatazwa kuzijaribu jioni," alinong'ona. "Nikadhani ni maneno ya wazee. Nisamehe, shemeji..."

Pelagia alikuwa ameshaziokota.

"Usivae!"

Akavaa.

"Naam," alisema. "Huyo hana shingo ya mzigo. Mpeni mama yake."

Njuga moja ikalia. Kisha kitu kizito kikamtua utosini.

Mgongoni, Hilari akawa mwepesi tena, akaanza kucheka.

Abbasi alimpa zile nyepesi, akawasha taa, akamsindikiza hadi mlangoni kwake. Njia nzima alikaa upande wa gizani ili Pelagia apite kwenye mwanga. Kesho yake alizifukia zile nzito, chini kabisa ardhini.

Siku ya Saba Saba, dansi lilianza alasiri. Wenceslaus alilalamika kidogo juu ya hedifoni za plastiki, kisha akasahau. Santuri zilifuatana bila pengo, kamati ikapiga makofi, vumbi likapanda hadi darini.

Pelagia alisimama mlangoni. Chini ya kilemba, utosini, nywele zilikuwa zimenyonyoka duara, mahali pa kukalia ngata ya kubebea mzigo. Hakuwa amemwonyesha mtu.

Jua likagusa miti. Chini ya muziki, kutoka upande wa barabara ya Ujiji, ile njia ya zamani ya misafara, njuga zilikuwa karibu kuliko juzi.

Akamfungua Hilari mgongoni, akamkabidhi Abbasi aliyesimama kando yake.

"Nipakatie, shemeji."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Siendi," alisema, akikaza kilemba. "Leo bado hawajaniita."